Acha Sigara Huku Ukihesabu Mapigo ya Moyo Wako

Kabla hujaitupa pakiti, kuna jambo moja dogo nakuomba ufanye. Kaa kitini dakika tano bila kuongea na mtu. Geuza kiganja cha mkono wa kushoto kitazame juu, kisha weka ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Hapo pana kibonde kidogo kati ya mfupa na kano. Bonyeza taratibu mpaka usikie mshipa ukidunda. Usitumie dole gumba, maana nalo lina mapigo yake na litakuchanganya. Hesabu kwa dakika nzima, uandike namba na saa kwenye kijitabu.

Baadaye, ukishaivuta ile sigara ambayo ungeivuta tu, hesabu tena. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Baada ya sigara moja, wengi huona namba imepanda kwa mapigo 10 hadi 20. Hujakimbia wala hujabeba mzigo, umekaa palepale kitini. (Kama umewahi kupata maumivu ya kifua au umeambiwa una ugonjwa wa moyo, ruka jaribio hili, uanzie kwa daktari.)

Naanzia hapa kwa sababu wavutaji wengi wanaogopa mapafu na kuusahau moyo. Kikohozi kinasikika. Mishipa ya damu haikohoi, inaumia kimyakimya miaka nenda rudi, na mara nyingi dalili ya kwanza ni shambulio lenyewe. Habari njema ni kwamba moyo na mishipa ni miongoni mwa viungo vinavyoitikia haraka ukiacha, na sehemu ya mabadiliko hayo utaishika kwa vidole vyako mwenyewe.

Elewa kwanza unachoacha

Ukivuta pafu moja, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Mwili unamwaga adrenalini, homoni ileile inayokujia ukishtuliwa na mbwa gizani. Moyo unaongeza kasi, mishipa inabana, presha inapanda. Ndiyo maana vidole vya mvutaji huwa vya baridi hata siku ya joto: damu haifiki vizuri kwenye ncha.

Wakati huohuo moshi unaingiza kaboni monoksidi. Gesi hii huing'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ikishakikalia kiti haishuki upesi, kwa hiyo oksijeni inakosa usafiri.

Weka mambo hayo mawili pamoja uone ubaya wake. Moyo unaongezewa kazi huku ukipunguziwa chakula. Isitoshe, mishipa inayoulisha moyo wenyewe nayo inabana. Kwa kijana mwenye mishipa mizima, moyo utavumilia. Kwa mtu ambaye mishipa yake imeshaanza kuziba bila yeye kujua, pengo hilo kati ya kazi na chakula ndilo linaloleta maumivu ya kifua.

Halafu kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando laini wenye unene wa seli moja tu. Utando huo hutengeneza nitriki oksidi, gesi inayoulegeza mshipa na kuizuia damu isigande ovyo. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998 kwa ugunduzi wao kuhusu gesi hiyo. Moshi wa sigara unauchubua utando huu. Ukishachubuka, mafuta mabaya hupenya na kujijenga ukutani, na zile chembe sahani zinazogandisha damu huwa na gundi kuliko kawaida. Damu ya mvutaji huganda kwa urahisi. Bonge dogo likiziba mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Likiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi.

Usijidanganye na "nimepunguza"

Hapa ndipo ninapobishana na watu wengi ninaowapenda. "Zamani nilikuwa navuta pakiti nzima, siku hizi tatu tu." Nafurahi kusikia hivyo, na kwa mapafu kuna nafuu. Moyo una hesabu nyingine. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la BMJ uliona kwamba mtu anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Mtu angetegemea sehemu moja ya 20, kumbe ni nusu! Chembe za damu na utando wa mishipa hushtuka kwa moshi kidogo tu.

Methali ya haba na haba inafaa kwenye akiba, haifai hapa. Ukitaka kupunguza, punguza kama maandalizi ya siku uliyoipanga, siku yenye tarehe, wala kupunguza kusiwe ndiyo mwisho wa safari. Sigara zinazoitwa nyepesi hazisaidii, kwa kuwa mvutaji huvuta kwa nguvu zaidi na mara nyingi zaidi mpaka apate kiwango alichozoea. Shisha ndiyo usiifikirie kabisa: maji hayachuji kaboni monoksidi, na makaa ya juu yanaongeza nyingine, tena kwa kikao cha saa nzima.

Panga tarehe, kisha tafuta msaada wa dawa

Chagua siku ndani ya wiki mbili zijazo. Ikiwa mbali zaidi, utapata kisingizio. Siku tatu nne kabla yake, andika kila sigara unayovuta: saa ngapi, uko wapi, unafanya nini. Utashangaa kuona kwamba nyingi hukuzitamani, mkono ulikwenda tu.

Jiulize pia swali moja: sigara ya kwanza unaivuta muda gani baada ya kuamka? Ikiwa ni ndani ya dakika 30, uraibu wako ni mkubwa, na kuacha kwa kukaza meno peke yake kutakutesa bila sababu. Tumia dawa. Haikupunguzii heshima hata kidogo, na inaongeza nafasi ya kufaulu. Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba mbadala ya nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vareniklini na bupropioni.

Kibandiko cha nikotini hubandikwa asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, kama juu ya mkono au mgongoni, na kila siku unabadilisha mahali ili ngozi isiwashe. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na cha miligramu 21, kisha hushuka hadi 14, halafu 7, kwa muda wa wiki 10 hivi. Kikikuletea ndoto za ajabu au kukukosesha usingizi, kibandue unapokwenda kulala.

Chingamu ya nikotini ina namna yake ya kutafunwa, na wengi huiacha wakisema haifanyi kazi kwa sababu hawakuelekezwa. Itafune polepole mpaka usikie ladha kali kama ya pilipili, kisha acha kutafuna, uisukume katikati ya shavu na ufizi. Ladha ikififia, tafuna tena kidogo, uiweke upande mwingine. Endelea hivyo kwa nusu saa. Dakika 15 kabla na wakati ikiwa mdomoni usinywe kahawa, soda wala juisi, kwa sababu uchachu wa vinywaji hivyo unazuia nikotini isipenye. Ipo ya miligramu 2, na ya miligramu 4 kwa wale wa sigara ya mapema asubuhi. Kibandiko pamoja na chingamu hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake: kibandiko kinashikilia siku nzima, chingamu inazima hamu inayokuja ghafla.

Najua swali linalokuja. Si nikotini hiyohiyo inayoharakisha moyo? Ndiyo, ila kwenye kibandiko inaingia polepole, kwa kiwango cha chini, bila kaboni monoksidi na bila moshi unaochubua mishipa. Hata watu wenye ugonjwa wa moyo uliotulia huitumia kwa usalama. Aliyepata shambulio la moyo majuzi, mjamzito, na mwenye mapigo yasiyo na mpangilio waongee na daktari kwanza. Vareniklini na bupropioni ni za kuandikiwa na daktari, na huanza kumezwa wiki moja hadi mbili kabla ya tarehe yako. Mwenye kifafa asitumie bupropioni.

Mweleze daktari dawa zote unazomeza. Moshi wa sigara huliamsha ini lizivunje baadhi ya dawa haraka, kwa hiyo ukiacha, kipimo kilekile kinaweza kugeuka kikubwa mno. Zimo humo warfarini ya kuzuia damu kuganda, teofilini ya pumu, na baadhi ya dawa za akili kama klozapini na olanzapini. Anayetumia insulini naye apime sukari mara kwa mara zaidi. Na mwanamke aliyevuka miaka 35 anayevuta huku akimeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni abadilishe njia sasa hivi, hata kabla ya tarehe ya kuacha. Mchanganyiko huo ni hatari kwa moyo na ubongo.

Siku tatu za mwanzo

Usiku wa kuamkia tarehe yako, ondoa pakiti, kiberiti na kisahani cha majivu. Fua koti lenye harufu. Asubuhi, kabla hujatoka kitandani, hesabu mapigo uandike.

Ndani ya dakika 20 tangu sigara ya mwisho, mapigo na presha huanza kushuka. Baada ya muda wa saa 12 hivi tangu sigara hiyo, kaboni monoksidi kwenye damu inakuwa imeshuka kufikia kiwango cha kawaida, na oksijeni imerudishiwa viti vyake. Yaani ukiacha usiku, kufikia asubuhi moyo wako umeshapunguziwa mzigo hata kama wewe unajisikia vibaya.

Na utajisikia vibaya. Arosto, yaani mateso ya mwili kukosa nikotini, hupanda na kufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua taratibu kwa wiki mbili hadi nne. Hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kizito, njaa isiyoisha, choo kigumu. Waambie wa nyumbani mapema ili wasidhani umewachukia.

Hamu yenyewe huja kama wimbi na hudumu dakika chache. Kazi yako ni kuvuka hizo dakika, si kupambana na maisha yako yote yaliyobaki. Inuka pale ulipo. Kunywa glasi ya maji kwa mafunda madogomadogo. Vuta pumzi ndefu kwa pua, itoe polepole kwa mdomo. Kisha shika kifundo cha mkono uhesabu mapigo kwa dakika moja. Nimeipenda mbinu hii ya mwisho kuliko zote, kwa sababu inaupa mkono kazi, inakuchukulia dakika nzima, na inakukumbusha unamfanyia nani.

Kahawa nayo iangalie. Moshi hulifanya ini livunje kafeini upesi, na ukiacha, kafeini ya vikombe vilevile hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kiwango chake kwenye damu kikiweza kufika mara mbili. Matokeo yake ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukosa usingizi, na mtu anasema, "Kuacha sigara kunaniumiza moyo." Kumbe ni kahawa. Punguza vikombe nusu tangu siku ya kwanza.

Ukiteleza ukavuta moja, hujarudi mwanzo. Zilizobaki ziharibu saa ileile, usisubiri Jumatatu. Andika kilichokuponza, kama ni kinywaji, ugomvi au mwenzako aliyekukaribisha, kisha songa mbele. Wengi waliofaulu kuacha walijaribu zaidi ya mara moja.

Wiki ya pili hadi ya kumi na mbili: tembea

Katika kipindi hiki mzunguko wa damu huimarika, na damu inapoteza ile tabia ya kuganda ovyo. Miguu na vidole vinaanza kupata joto. Wengine huona ufizi unatoka damu kidogo au kikohozi kimeongezeka. Kikohozi hicho ni mapafu yanayojisafisha.

Chagua njia moja unayoweza kuirudia, iwe ya dakika 20 au 30, uipite siku nyingi za juma. Hesabu mapigo ukifika, kisha tena baada ya kupumzika dakika mbili. Wiki zinavyokwenda utaona moyo unatulia upesi zaidi. Mapigo yako ya asubuhi yakishuka kwa 10 tu kwa dakika, hayo ni mapigo 14,400 ambayo moyo umeyaokoa kwa siku moja.

Nisimulie la mjomba. Alikuwa akitembea, kila baada ya hatua mia hivi anainama kufunga kamba za viatu. Tulimcheka: kamba gani hizi zisizokaa? Baadaye tukajua kwamba shavu la mguu lilikuwa linambana kama limeshikwa na koleo, naye aliona aibu kusema. Akisimama dakika mbili maumivu yanaondoka, akienda yanarudi. Daktari alipompapasa juu ya wayo, mapigo ya mguu mmoja yalikuwa hafifu, karibu hayasikiki. Ulikuwa ni ugonjwa wa mishipa ya miguu, ambao mvutaji yuko katika hatari kubwa sana ya kuupata, na mara nyingi ukiwa miguuni huwa uko moyoni pia. Kwa hiyo ukiona maumivu ya namna hiyo, yanayokuja ukitembea na kuisha ukisimama, usiyaite uzee. Nenda ukapimwe.

Tiba aliyopewa, pamoja na dawa, ilikuwa kuacha sigara na kutembea: unatembea mpaka maumivu yawe ya wastani, unapumzika mpaka yaishe, unaendelea, kwa nusu saa au zaidi, angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Mishipa midogo ya pembeni hupanuka na misuli hujifunza kutumia oksijeni vizuri. Kamba za mjomba siku hizi zinakaa.

Vijana nao wasijione wako salama. Upo ugonjwa wa Buerger, uliopewa jina la daktari Leo Buerger aliyeueleza mwaka 1908, unaoziba mishipa midogo ya mikono na miguu kwa wavutaji ambao mara nyingi hawajafika miaka 45. Vidole huuma, hubadilika rangi, na hatimaye huoza. Anayeacha kabisa mara nyingi huokoa viungo vyake. Anayeendelea hukatwa kidole, kisha kingine.

Kuhusu uzito: wastani ni kuongezeka kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza. Ni kweli na inakera, lakini faida ya moyo inabaki kubwa kuliko hasara ya kilo hizo. Usianze kujinyima chakula mwezi uleule unaoacha sigara. Pambana na moja kwanza.

Miezi na miaka

Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa imepungua kwa karibu nusu. Hatari ya kiharusi hushuka, na ndani ya miaka 5 hadi 15 tangu uache inaweza kulingana na ya asiyevuta. Kwa ugonjwa wa moyo, miaka 15 hukusogeza karibu na hali ya mtu ambaye hajawahi kuvuta. Mafuta yaliyokwisha kujijenga ukutani hayayeyuki kwa wiki, ndiyo maana sehemu hii ni ya miaka, tofauti na ile ya kuganda kwa damu.

Je, umechelewa? Utafiti wa madaktari wa Uingereza, ulioanzishwa mwaka 1951 na Richard Doll na Austin Bradford Hill, ulifuatilia watu hao kwa miaka 50. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba kuacha ukiwa na miaka 60 kunaongeza takriban miaka 3 ya kuishi, ukiwa na 50 miaka 6, ukiwa na 40 miaka 9, na ukiwa na 30 miaka 10 hivi. Hata aliyekwisha kupata shambulio la moyo, akiacha, hatari yake ya kufa hupungua kwa karibu theluthi.

Walio karibu nawe wanafaidika pia. Asiyevuta anayeishi na moshi wa mwenzake ana hatari ya ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa asilimia 25 hadi 30. Kuvutia dirishani hakuwaokoi.

Kila mwaka pima presha, sukari na lehemu (kolesteroli), kwa sababu sigara hufanya kazi pamoja na hizo tatu, na mojawapo ikibaki juu itakula faida uliyoipata.

Usisubiri haya yapite

Maumivu au mgandamizo katikati ya kifua unaodumu zaidi ya dakika chache, hasa ukienda mkononi, shingoni, taya au mgongoni, pamoja na jasho la baridi au kukosa pumzi. Kwa wanawake huweza kuwa kichefuchefu na uchovu wa ghafla tu. Uso ulioanguka upande mmoja, mkono usioinuka, maneno yasiyoeleweka. Mguu uliogeuka ghafla kuwa wa baridi, mweupe na wenye maumivu makali.

Yoyote kati ya hayo ni hospitali saa hiyohiyo, tena usiendeshe gari mwenyewe. Beba kile kijitabu cha mapigo. Mwambie daktari ulikuwa ukivuta ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi, na uliacha lini.